Ninavyopanga orodha yangu ya vijana kabla ya drafti ya AFL

Ubishi wa drafti, yaani klabu za AFL, ligi kuu ya futiboli ya Kiaustralia, zinapochagua vijana wapya kwa zamu, kwa kawaida huanzia kwenye swali la nani atakuwa chaguo namba 1. Mimi naanza na tarehe za kuzaliwa. Kijana anatakiwa awe ametimiza miaka 18 ifikapo 31 Desemba ya mwaka wa drafti, kwa hiyo kundi moja lina wa Januari na wa Desemba. Katika umri huo miezi 11 ni mwili mwingine kabisa, na anayewabeba wenzake mabegani mwezi Aprili huenda amewatangulia kukua tu. Jedwali langu basi lina mwezi wa kuzaliwa, urefu, nafasi anayocheza, na mashindano aliyochezea.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayoniokoa. Kugusa mpira mara 30 kwenye mechi ya shule si sawa na mara 30 kwenye Talent League, ligi ya vijana wa jimbo la Victoria, na mara 12 dhidi ya watu wazima katika ligi za majimbo, WAFL ya Perth au SANFL ya Adelaide napenda kuzipa uzito kuliko zote mbili. Mashindano ya kitaifa ya vijana, katikati ya mwaka, ndipo Vic Metro (Melbourne), Vic Country (Victoria nje ya Melbourne), Australia Kusini, Australia Magharibi na Allies (timu ya pamoja ya maeneo yaliyobaki) wanapopimwa kwa mizani moja.

Kila kijana namtazama mara mbili. Mara ya kwanza nina karatasi yenye safu mbili: mpira aliupataje, wa kugombania au wa bure, na ukaishia wapi. Wapo wenye miguso 28 ambayo nusu yake ni pasi za ngumi za pembeni, anampa mwenzake aliyezingirwa kama yeye. Mwenye 15, tisa zikiwa mateke yaliyofika mbele kwa mwenzake, namweka juu yake bila wasiwasi. Mara ya pili siufuati mpira. Naangalia timu yake ikipoteza, je, anageuka kukimbia kurudi, au anashika kiuno?

Teke nalitazama kuanzia mkononi. Mpira huu una umbo la yai, na usipoachiwa ukiwa umenyooka juu ya mguu, unatoka ukiyumba. Kijana anayeuachia kutoka juu, usawa wa kifua, anaupa upepo muda wa kuugeuza kabla haujagusa kiatu. Siku ya utulivu huoni kasoro, siku ya upepo mateke yote yanakwenda kombo. Hilo hurekebishika. La kutorekebishika kirahisi ni uamuzi wa polepole.

Vipimo vya Oktoba navitumia kuthibitisha tu nilichokwisha kukiona. Mita 20 chini ya sekunde 3 ni mbio za kweli, na kilomita 2 karibu na dakika 6 ni pumzi ya mchezaji wa kiungo. Nikimpandisha mtu ngazi 15 kwa sababu ya saa ya kupimia, najua nimeacha kutazama mpira.

Warefu wanataka subira. Aliir Aliir, aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, alichaguliwa na Sydney kwa namba 44 mwaka 2013, akiwa na miaka 19. Mwaka 2021, akiwa beki wa Port Adelaide, aliingia kikosi bora cha mwaka. Tom Stewart naye Geelong walimchukua kwa namba 40 mwaka 2016 akiwa na miaka 23. Kwa hiyo waliorukwa mwaka uliotangulia siwafuti.

Kosa kubwa ninaloliona ni kuchanganya orodha mbili: ya ubora, na ya mpangilio utakaosomwa usiku wa drafti. Hii ya pili inatawaliwa na kanuni. Mtoto wa mchezaji aliyecheza mechi 100 au zaidi katika klabu, klabu hiyo inaweza kumdai pale klabu nyingine inapomtaja, kwa kulipa pointi, maana kila namba ya chaguo ina thamani yake ya pointi. Mwaka 2021 Gold Coast walimtaja Nick Daicos, mtoto wa mchezaji wa zamani wa Collingwood, kwa namba 4, yenye thamani ya pointi 2,034. Kwa punguzo la asilimia 20 la wakati huo, Collingwood walilipa takriban 1,627 kwa chaguo zao za chini. Mac Andrew, kijana wa akademia (mpango wa klabu wa kukuza vijana) ya Melbourne, hakuwa na kinga hiyo, kwa sababu mwaka ule akademia za aina yake hazikuruhusiwa kumdai mtu ndani ya chaguo 20 za kwanza. Gold Coast wakamchukua.

Na tazama namba zilivyosogea. Gold Coast waliingia na namba 3. Sam Darcy alipodaiwa na Western Bulldogs kwenye namba 2, kwa kanuni hiyo hiyo ya watoto wa wachezaji, wakashuka hadi 4. Daicos alipodaiwa, wakashuka hadi 5, na ndiyo iliyompata Andrew. Majina ya orodha ya pili naandika kwa kalamu, namba kwa penseli.