Kifua kiachie kiinuke
Wenzangu wengi wa gari la wagonjwa huona kurudia masomo ya mwanzo ni kazi ya wanagenzi. Mimi nayapenda. Kabla ya zamu hupiga magoti mbele ya sanamu la mazoezi nikakandamiza kifua, kama afanyiwavyo mtu ambaye moyo wake umesimama: kwa mtu mzima, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mikandamizo 30 kisha kumpulizia pumzi 2. Kasi mikono huikumbuka. Kinachosahaulika ni kukiachia kifua kiinuke chote, maana hapo ndipo moyo unapojaa damu tena. Aliyechoka huanza kukiegemea bila kujua (na wenye misuli ndio wabishi zaidi), kwa hiyo tunapokezana kila dakika 2, hata mkandamizaji akiapa bado ana nguvu.