Ndizi mbichi, kiporo na vidonda vyangu vya utumbo

Nilipoanza kupata choo chenye damu, kila mtu hapa Wete alikuwa na jibu moja: amiba. Nikanywa dawa za amiba, nikapata nafuu kidogo, damu ikarudi. Ukweli ulijulikana Dar es Salaam kwa kipimo cha kamera. Utumbo mpana umevimba na una vidonda, na kinga ya mwili wangu ndiyo inayoushambulia. Nikaandikiwa mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, pamoja na prednisoloni ya muda, nayo ya kushusha uvimbe.

Dawa sina mengi ya kusema, nazimeza. Kilichonitoa jasho ni chakula. Kila aliyekuja kunitazama alikuja na lake: habasoda, asali, kisamvu tele "kikusafishe tumbo". Kisamvu, na utumbo unavuja damu! Daktari aliniambia ugonjwa ukipanda nipunguze maganda, mbegu na majani magumu. Nikawa nala wali laini, samaki wa kuchemsha na papai. Wale ambao utumbo umejibana, kama inavyotokea kwa wenye ugonjwa wa Crohn, uvimbe mwingine wa utumbo unaofanana na wangu, wanatakiwa kuwa waangalifu zaidi, kwani makapi yanaweza kuwaziba.

"Lakini ukitulia, mama, usibaki kwenye wali mweupe," akasema daktari. "Bakteria wako nao wanataka kula."

Chakula chao ni nyuzinyuzi, yale makapi ya mimea ambayo sisi hatuwezi kuyameng'enya. Zinafika utumbo mpana, bakteria wanazichachua na kutoa asidi kadhaa, mojawapo butireti, na hiyo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Wagonjwa wengi wa aina yetu wamepungukiwa na bakteria wanaoitengeneza.

Nilianza na ndizi mbichi za nazi, tui jepesi, bila pilipili. Wanga wa ndizi mbichi, sehemu yake haimeng'enywi juu, kwenye utumbo mwembamba, inawafikia bakteria. Muhogo na viazi vilivyopikwa vikapoa navyo hupata wanga wa namna hiyo. Mavyaa wangu aliposikia hayo alifurahi kupita kiasi, maana kiporo cha futari ndicho chakula chake cha asubuhi tangu ujana.

Choroko zilikuja baadaye. Naziroweka usiku kucha, asubuhi nazisugua kwa viganja mpaka maganda yaelee, nayamwaga na maji, kisha nazipika mpaka zivurugike. Mara ya kwanza nilikula vijiko viwili tu, na bado gesi ilininyima usingizi. Nikangoja tumbo lizoee ndipo nikaongeza.

Nanunua pia maganda ya isapgoli, yaani ya mbegu za mmea wenye nyuzinyuzi zinazovimba kwenye maji, nayanywa na maji mengi. Utafiti wa Hispania wa 1999 uliwapa mbegu za mmea huo wagonjwa wa vidonda vya utumbo mpana waliokwishatulia, na ugonjwa uliwarudia kwa kiwango kinachokaribiana na cha waliotumia mesalazini. Mimi sikuuchukulia kuwa ruhusa ya kuacha vidonge.

Kipimo cha mwisho cha kinyesi kilionyesha uvimbe umeshuka. Daktari anasema dawa, mavyaa anasema ndizi. Kunde nzima nzima bado zinanishinda, naziponda.