Nilidhani baa, kumbe stendi

Mwaka wangu wa kwanza London, wenzangu wa kazini walinipeleka The George Inn, Borough High Street, hatua chache kutoka stesheni ya London Bridge. Pombe situmii. Nikaagiza soda, nikabaki kulikodolea macho jengo. Ghorofa zimeelemea kidogo kama mzee mwenye mkongojo, na mbele yake roshani ndefu za mbao, milango ya vyumba yote inatazama uwanja. Nikasema moyoni: hii si baa, hii ni gesti ya stendi.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kwa karne nyingi jiji la London lilikuwa na daraja moja tu la kuvukia mto Thames, hadi la Westminster lilipofunguliwa 1750. Usiku malango ya daraja yalifungwa. Ukitoka Kent, jimbo la kusini-mashariki mwa London, ukachelewa, unalala ng'ambo ya huku, Southwark. Ndiyo maana mtaa huu ulijaa nyumba za wageni. Jirani kabisa ilikuwepo Tabard, ambako mshairi wa kale Chaucer, katika hadithi zake, aliwakusanyia mahujaji waliokuwa wakienda Canterbury. Hiyo ilivunjwa 1873.

George imo kwenye ramani ya miaka ya 1540, ila jengo la leo ni la 1677, kwa kuwa moto wa 1676 uliteketeza sehemu kubwa ya Southwark. Hapa utamkuta mtu wa kukuapia kwamba Shakespeare alikuwa akikalia benchi hilohilo ulilokalia wewe. Shakespeare alifariki 1616. Piga hesabu mwenyewe.

Enzi zake, magari ya farasi yalianzia na kuishia uwanjani humo. Abiria wanagombea nafasi, mizigo inafungwa juu, farasi waliochoka wanafunguliwa na wengine kufungwa. Wapiga debe sijui kama walikuwepo, lakini naona walikosekanaje?

Halafu mwaka 1836 treni ikafika London Bridge, mlangoni kabisa. Nani tena apande gari la farasi? Kampuni ya reli ya Great Northern ikaishia kuinunua George yenyewe, ikaifanya bohari, na 1889 ikabomoa pande mbili za roshani zilizozunguka uwanja. Ukabaki upande mmoja, huu wa kusini. Mwaka 1937 watu wa reli wakaukabidhi kwa National Trust, shirika linalotunza majengo ya kale. Ndiyo nyumba pekee ya aina hiyo iliyobaki London.

Nilimtumia picha mjomba wangu, aliyekuwa na gesti Ubungo kabla stendi haijahamia Mbezi 2021. Habari za Chaucer hakuziuliza.

"Chumba bei gani hapo?"

"Hawalazi tena, mjomba. Juu watu wanakula tu."

Akakaa kimya kidogo, kisha akaandika: "Wape pole."