Mpira wa Mkojo na Maambukizi ya Hospitalini

Mgonjwa aliyelazwa kwa kuvunjika mguu anaweza kupandwa na homa siku ya nne, homa isiyohusiana hata kidogo na mguu wenyewe. Maambukizi yanayojitokeza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa, ambayo mgonjwa hakuja nayo, kwa kawaida huhesabiwa kuwa ameyapatia hospitalini, na si jambo la nadra. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilionesha kwamba, kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja, na kwamba kwa wastani mmoja kati ya kila 10 wa hao walioambukizwa hufariki dunia.

Wengi wakisikia takwimu hizo hufikiria uchafu wa sakafu. Mimi ningetazama kwanza mipira na mirija inayoingizwa mwilini mwa mgonjwa. Kibofu hujisafisha kila mtu anapokojoa, lakini mpira wa mkojo, yaani mrija unaoingizwa kibofuni ili kutoa mkojo, huwapa bakteria njia ya kupanda, nao hujijengea juu yake utando unaowakinga dhidi ya dawa, hivyo kila siku unapoendelea kukaa ndani hatari huongezeka. Wakati mwingine mfuko wake wa kukusanyia mkojo huwekwa juu ya tumbo la mgonjwa anaposukumwa kwenye machela, na mkojo uliokwisha kutoka ukarudi kibofuni. Ndiyo maana naona ni haki kabisa kwa ndugu wa mgonjwa kumuuliza daktari kila asubuhi kama mpira huo bado unahitajika. Mashine ya kupumulia na mirija ya kwenye mishipa mikubwa ya damu huleta hatari ya namna hiyohiyo, na hii ni sababu mojawapo ya wagonjwa mahututi kuathirika zaidi.

Umri mkubwa, kuzaliwa njiti, kisukari na kinga dhaifu huongeza uwezekano wa kuambukizwa, sawa na wodi iliyofurika yenye wauguzi wachache. Antibiotiki nazo, hasa zikitumika bila ulazima, huua bakteria wa kawaida wa utumbo na kumwachia nafasi bakteria aitwaye Clostridioides difficile, anayesababisha kuhara kukali na ambaye mbegu zake hazifi kwa kitakasa mikono chenye alkoholi. Baada ya kumhudumia mgonjwa wa aina hiyo, mikono huoshwa kwa sabuni na maji.