Feni, chumvi na viti vyangu vya pweza

Kila mtu aliniambia hawa viti vya pweza hawakai nyumbani, wiki mbili tu watakua wamekufa. Sasa ni mwaka na zaidi na wawili wako hapa sebuleni kwangu Kisauni wanakula kamba, kwa hivo naandika nikiwa na furaha na hasira kidogo pia.

Naongelea kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, lakini sio yule mnene. Huyu ana kisahani kidogo katikati na mikono mitano myembamba inajipinda kama nyoka, mchana kutwa yuko chini ya jiwe humwoni. Nilinunua watatu kwa kijana anayezamia samaki wa mapambo, bei tulielewana, na niliuliza amewatoa wapi manake ndani ya Marine Park, hifadhi ya bahari, huruhusiwi kutoa kitu.

Tanki ni lita 100. Joto la Mombasa mnalijua, maji yalifika digrii 30, nikaweka feni ndogo inapuliza juu ya maji yakashuka hadi 27. Shida ni kwamba feni inakausha maji, lita moja u nusu kila siku. Mzee mmoja aliyefuga samaki miaka mingi akaniambia, "Mwanangu, maji ya bahari yakipungua rudishia ya bahari, hao si wa mferejini." Nikaona ni sawa kabisa, kila asubuhi naenda na dumu ufuoni. Kumbe kinachokauka ni maji matupu, chumvi inabaki palepale, na mimi kila siku naongeza nyingine juu yake!

Baada ya wiki mbili hivi, usiku, nikaona kitu kinajinyonganyonga kwenye mchanga nikadhani ni mnyoo. Nikamulika, ni mkono. Mkono peke yake, bado unatembea. Asubuhi miwili tena, na mmoja wao ameshakufa. Yule mzee akasema ni ugonjwa, tia dawa ya samaki. Alhamdulillahi mke wangu alisoma chupa kwanza, ina shaba ndani, na shaba inaua viti vya pweza, kamba, konokono, wote hao. Kama ni dawa ya shaba usiitie hata tone.

Nikaazima rifraktomita, kile kifaa cha kupima chumvi ya maji, inasoma 1.031 na inatakiwa iwe kama 1.025. Hapo ndo nikaelewa. Lakini huwezi kumwaga maji matamu ghafla, huyu mnyama hana namna ya kujikinga, chumvi ya maji ikibadilika na ya mwilini mwake inabadilika, ghafla ndo inamuua. Basi nikaenda duka la dawa nikanunua mrija wa dripu, ule wa hospitali wenye kigurudumu cha kupunguza, pesa kidogo tu. Nikafunga kwenye dumu la maji ya kunywa ya kununua (ya kisima huku kwetu yana chumvi yake), nikalitundika kwenye msumari wa pazia. Jioni natoa lita moja u nusu ya tanki, usiku kucha dripu inaingiza lita tatu, matone mawili kwa sekunde, ukiamka imekwisha. Karibu wiki mbili nikarudi 1.025, na tangu hapo hakuna mkono uliokatika. Mpaka leo maji yanayokauka narudishia matamu kwa mrija huohuo, na ukileta mnyama mpya mdondoshee maji ya tanki lako hivohivo kwenye ndoo, masaa matatu, usimtoe nje hewani.

Chakula nampa taa zikizimwa, kipande cha kamba kwenye kijiti cha mshikaki, mkono unatoka chini ya jiwe unakizungushia unakivuta mdomoni. Yule kiti cha pweza mkubwa wa kijani msinunue kama mna samaki wadogo, anajiinua kama mwavuli, samaki akiingia chini anambana.

Mikono imeota tena, ncha zake bado nyembamba na nyeupe kidogo. Binti yangu huipima na rula kupitia kioo, mmoja juzi ulifika sentimita nne.