Bibi wa Kofia na Dirisha la Mkunazini

Mwalimu wetu wa upigaji picha hakuamini sana mitihani ya kuandika. Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, hapa Mjini Unguja, na kozi nzima aliijenga juu ya kazi tatu za kwenda kuzifanya mtaani: picha ya uso kwa mwanga mmoja tu, picha ya mtu akiwa kazini, na ya tatu, iliyotuumiza vichwa kuliko zote, picha ya mtu bila kuuonesha uso wake. Zote tatu ziwe za mtu mmoja. Flashi ilipigwa marufuku. Kamera zilikuwa mali ya chuo, Canon za zamani zenye lenzi ya milimita 50, tunasaini daftari kuzichukua na tunazirudisha kabla ya saa kumi jioni.

Nilimchagua bibi mmoja wa Mkunazini anayeshona kofia za viua. Nilimjua tangu utotoni, kwani yeye na marehemu bibi yangu walikuwa wakipelekeana futari kila Ramadhani. Nilipokwenda kumwomba alinisikiliza mpaka mwisho huku sindano ikiendelea na kazi yake.

"Picha nitapigwa, mwanangu," akasema. "Lakini jina langu litie mfukoni, na uso wangu nisije nikaukuta kwenye simu za watu. Ukutani chuoni kwenu, sawa."

Ndiyo maana hapa simtaji.

Chumba chake kiko juu, na dirisha linatazama kichochoro chembamba hasa. Asiyejua angesema hakuna mwanga mle. Lakini kuanzia saa nne hivi asubuhi jua huupiga ukuta wa chokaa wa nyumba ya pili, na ule ukuta huurudisha mwanga ndani ukiwa umeshapoa, laini, hauna ukali wowote. Sijapata bado studio yenye mwanga mzuri kuliko ule.

Nikamwomba akae mkekani, ubavu wake kwa dirisha. Shavu la upande wa nje likang'aa, la pili likaingia kivulini, na chini ya jicho la kivulini pakabaki pembetatu ndogo ya mwanga. Mwalimu alikuwa ametuonesha pembetatu hiyo kwenye michoro ya Rembrandt, Mholanzi wa karne ya 17, nami niliinakili daftarini kama nilivyonakili mengine. Pale chumbani niliiona ikiishi. Bibi akigeuza shingo kidogo tu kuliacha dirisha, inapotea. Akirudi, inarudi. Nikaacha kupiga, nikawa naitazama tu, na yeye kwa kuwa anashona shingo haitulii, basi ikawa inakuja na kuondoka.

Kilichonitoa jasho ni kofia. Nguo nyeupe pe na ngozi nyeusi ndani ya fremu moja, hapo ndipo kamera inapokudanganya. Kipimo chake cha mwanga hudhani kila kilichoko mbele yake ni kijivu cha wastani. Weupe ukijaa kwenye fremu, kamera hubana mwanga na uso unazama gizani. Buibui likijaa, hufungua kupita kiasi na uso unapauka. Nikaweka kipimo cha sehemu ndogo, nikapima shavuni upande wa mwanga, nikakifunga kipimo hapo hapo, kisha ndipo nikapanga picha. Rangi yake ya maji ya kunde ikatoka kama ilivyo, na uzi wa kofia ukaonekana mmoja mmoja. Jambo hili nalisisitiza kwa kila anayeanza, maana picha nyingi za watu wetu huharibikia hapa, halafu lawama anabebeshwa mwenye ngozi.

Nilikuwa nimeshapata kazi mbili za mwanzo na naona mambo yamenyooka. Bibi akaichomeka sindano kwenye kitambaa.

"Haya. Hivyo ndivyo ulivyotaka wewe. Sasa nikuoneshe ninavyotaka mie."

Akafungua sanduku, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha picha ya studio, nyeusi na nyeupe, kingo zake zimekatwa meno meno. Msichana kakaa upande, mkono mmoja juu ya kimeza cha duara, nyuma yake pazia lililochorwa nguzo na bustani. Hacheki. Ilipigwa kabla ya harusi yake, akanambia, alikwenda na mama yake, na taa za mle zilikuwa na joto la kukutoa maji.

"Mpiga picha akanambia shusha kidevu, tizama pale kwenye pazia, usinitizame mimi. Akapiga moja. Moja tu. Mama akalipa tukaondoka."

Wiki chache kabla, mwalimu alikuwa ametupeleka Capital Art Studio pale barabara ya Kenyatta, studio aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, tukatazame zile picha za zamani. Darasani pia alikuwa ametuonesha kazi za Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948 na ambaye mara nyingi alipiga picha moja tu kwa mteja kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Keïta aliweka suti, saa na hata pikipiki ya Vespa, mteja achague aonekane vipi, na pazia lake la mwanzo lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Nilikuwa nimeyasikia yote hayo kama historia. Sasa mteja mwenyewe yuko mbele yangu ananipangia studio.

Alivua kanga za nyumbani akaingia chumba cha ndani. Aliporudi alikuwa na kipini puani na vipuli vya dhahabu, na mkononi kanga ya kisutu. Tukaitundika ukutani kwa misumari ya chandarua. Kimeza hakikuwepo, tukaazima stuli kwa jirani na kuifunika kitambaa. Akakaa upande uleule wa kwenye picha ya zamani, mkono uleule juu ya stuli, kidevu akakishusha bila kuambiwa.

"Usinambie nicheke."

"Sikwambii, bibi."

Nikapiga. Na ukweli ni kwamba kila nilichojifunza asubuhi ile kuhusu mwanga kilikuwa tayari kimekaa mahali pake. Yeye ndiye aliyejua shavu lipi likae dirishani.

Kazi ya tatu ilikuja yenyewe mchana, jua lilipokuwa limepanda na mchirizi mmoja ukapenya hadi mkekani. Bibi alikuwa ameirudia kofia. Akaiinua juani kukagua vile vitobo, kama kuna kilichoachwa bila kuzungushiwa uzi, na mwanga ukapita ndani yake ukamwagika kwenye kiganja cha mkono wa pili: nukta ndogo ndogo, safu kwa safu, zikifuata ua lile lile la kofia juu ya mistari ya kiganja na hina iliyokwisha kufifia. Nikamwomba asiushushe mkono. Nilifungua lenzi yote ili kiganja tu kiwe na fokasi, kofia yenyewe ibaki ukungu mweupe pembeni.

Siku ya kutundika kazi ukutani, darasa zima lilisimama kwenye kiganja. Ile ya kisutu mwenzetu mmoja aliiita pozi la kizamani, akauliza kwa nini sikumwambia bibi akae kawaida. Nilimjibu kwa moto, na hadi leo ningejibu vilevile: hivyo ndivyo anavyokaa mtu aliyeamua mwenyewe kupigwa picha, na kukaa kwake ni nusu ya kazi. Mwalimu hakutuamua. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama bibi mwenyewe ameshaziona.

Nikasafisha tatu kati ya hizo kwa ukubwa wa inchi 8 kwa 10, nikampelekea. Ya kazini aliitazama kwa sababu ya kofia, akanionesha mahali aliporuka mshono. Ya kiganja akaigeuza juu chini, akaiweka kando. "Nzuri, lakini hii yaweza kuwa ya mtu yeyote." Ya kisutu akaiweka sambamba na ile ya meno meno, akazilinganisha muda mrefu, mkono kwa mkono, kidevu kwa kidevu. Akaniagiza nimtolee nyingine mbili, moja ampelekee binti yake Maskati.

Mdogo wake anayekaa Michenzani alipoiona, akanitumia salamu. Yeye kukaa hataki, atasimama, na redio yake ya mbao iwe pembeni yake. Flati yake iko juu na dirisha hupigwa na jua la alasiri moja kwa moja, kwa hiyo nilibeba shuka jeupe la kulizuia. Hiyo ndiyo picha ya kwanza niliyolipwa.