Mota ya nazi

Jumapili, usiku. Nimeoga mara mbili na vidole bado vinanuka chuma kilichoungua.

Leo grenda niliyojiundia, ya kunolea visu vya mashine, imezunguka saa nzima bila kelele ya ajabu. Naandika sasa hivi kwa sababu najijua: nikishazoea kitu, najifanya nilikijua tangu zamani.

Karakana yangu ni stoo ya uani hapa Tabata. Ndani kuna mashine ndogo ya kukerezea niliyoinunua mtumba, drili ya mezani, jiliwa, na ndoo ya vyuma chakavu ambayo kila mwezi naapa nitaipunguza. Nafasi iliyobaki mezani ni kama ya sinia la pilau. Kwa miaka miwili, kisu cha kukerezea kikiwa butu nilikuwa nakifunga kwenye leso, napanda daladala hadi Gerezani kwa mzee mmoja anayenoa. Anakisogeza kwenye jiwe, anakigeuza, anakitazama kwenye mwanga, amemaliza. Safari ya mwisho aliniuliza, bila ubaya wowote, "Kijana wangu, mashine ya kukereza unayo, kunoa je?" Nilicheka. Njiani kurudi sikucheka tena.

Nikaamua kujiundia grenda. Mota yake nilikuwa nayo bila kujua. Mama alikuwa akiuza nazi sokoni, anakunia wateja kwa mashine, mpaka magoti yalipomkatalia. Mashine ikawekwa chini ya ngazi, na huko ikakaa. Niliifungua nikakuta chicha iliyokauka hadi kwenye feni, na harufu ya tui lililochacha ambayo haijatoka mpaka leo. Mota ikipata joto, karakana inanuka jikoni. Kibao chake kinasomeka nusu ya nguvu farasi, mizunguko 1,400 kwa dakika. Nilipoichomeka ikanguruma bila kuzunguka. Nikaisukuma shafti kwa kijiti, ikaondoka yenyewe. Kapasita hiyo, kile kikopo kinachoipa mota msukumo wa kuanza. Nikanunua nyingine ya namba ileile, kesi ikaisha.

Mpango ulikuwa mota ikae chini ya meza, juu ibaki shafti tu na mawe mawili, mkanda upite kwenye tundu. Puli ya milimita 80 kwenye mota, ya 50 kwenye shafti, nikapata mizunguko kama 2,240. Jiwe la inchi 6 kwa mwendo huo ukingo wake unakimbia karibu mita 17.6 kwa sekunde, na jiwe lililoandikwa kikomo cha mita 35 kwa sekunde lina akiba nzuri. Grenda za dukani zinakwenda kasi zaidi, kwenye 2,850 hivi. Sikuona haja. Mwendo wa pole unampa mtu asiyejua kunoa nafasi ya kukosea taratibu.

Kununua mawe kulinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Nilimwomba muuzaji anipe bisibisi yenye mpini wa mbao, nikapitisha kidole kwenye tundu la jiwe likaning'inia, nikaligonga kidogo ubavuni. La kwanza likalia kama kengele ya baiskeli. La pili vilevile. La tatu likatoa sauti ya kigae. Kwa macho halikuwa na kasoro yoyote, hata kimkwaruzo. Muuzaji akaligonga mwenyewe, akanyamaza, akaliweka chini ya kaunta. Natumaini halikurudi juu nilipoondoka. Jiwe lenye ufa usioonekana likishika kasi linaweza kupasuka vipande, na kipande hakichagui pa kwenda.

Shafti niliichonga kutoka fimbo ya shokapu. Chuma kizuri, kimenyooka, ila juu kimepakwa kromu ngumu iliyokula visu vyangu viwili kabla sijafika kwenye chuma chenyewe. Maana yake nilipanda daladala tena kwenda kunolewa visu vya kutengenezea kitu cha kunolea visu. Mzee hakuuliza safari hii. Aliniangalia tu.

Katikati shafti ina milimita 17, inakaa kwenye beringi mbili za kununua zenye nyumba zake za chuma, puli ikiwa kati yao. Mwisho wa kila upande nikashusha hadi 12.7 kwa ajili ya mawe, halafu thredi za milimita 12 za kufungia nati. Na hapa ndipo nilipofanya ujinga wa kuandikwa kwenye shajara. Thredi zote mbili nilizikata za kulia.

Nilijua. Nimeshafungua grenda za watu, najua upande wa kushoto nati inafungwa kinyume. Lakini siku ile kisu kilikuwa kikali, chipsi za chuma zinatoka ndefu kama uzi, raha imenipanda kichwani. Nikafunga mawe, nikasimama pembeni, nikawasha. Jiwe la kulia likatulia. La kushoto likaanza tik, tik, tik. Nikazima. Liliposimama, nati ilikuwa imejifungua mzunguko mmoja na nusu, flanji, ile sahani ya chuma inayobana jiwe, inacheza. Shafti inapoanza kuzunguka kwa ghafla, nati hubaki nyuma kidogo. Kulia kubaki nyuma huko kunaikaza, kushoto kunaifungua. Ningekuwa nimesimama mbele kama ninavyosimama kila siku, sijui.

Shafti sikuitupa. Nilishusha ncha ya kushoto hadi milimita 10, nikachimba mfereji mdogo karibu na bega, pale shafti inapoanza kuwa nene, nikaigeuza skrubu kuu ya mashine, ile inayotembeza kisu, izunguke kinyume. Thredi ya kushoto unaianzia kwenye mfereji, kisu kinatembea kuelekea nje, kinaikimbia chaki, ile taya ya mashine inayoshika shafti, badala ya kuifuata. Mara ya kwanza mkono ulitaka kukimbilia kuzima. Mara ya nne nilianza kuipenda: hakuna hofu ya kugonga bega, kisu kinatoka hewani chenyewe. Nati za kushoto nilizipata kwa fundi pikipiki wa mtaani. Kioo cha kulia cha Yamaha hufungwa kwa thredi ya kushoto, milimita 10 kwa 1.25, na yeye alikuwa nazo kwenye kopo. Akanipa mbili, nimezifunga zote, moja juu ya nyingine. Sasa grenda yangu inafunguliwa kwa spana tofauti kila upande. Nimezitundika ukutani, kushoto ya kushoto, kulia ya kulia.

Flanji ni za milimita 50, theluthi ya jiwe, zimechimbwa katikati ili zibane kwa ukingo, na kati ya flanji na jiwe kuna karatasi nene ya mviringo. Kinga nimeikunja kwa bati la milimita 3. Hayo yalikwenda haraka.

Kilichonichelewesha, na ambacho nisingekidhania, ni egemeo, kile kipande cha chuma cha kulazia kisu mbele ya jiwe. Wiki tatu nimehangaika na shafti, egemeo nikalichomelea jioni moja kwa bati jembamba, nikadhani nimemaliza. Kisu cha kwanza nilichokiweka juu yake kikatetemeka, bati likapinda kidogo kuelekea chini, na uso niliounoa ukatoka na pande tano kama almasi ya kuchora. Mota ilikuwa sawa, jiwe sawa, shafti sawa. Nikalikata lote. Jipya ni la milimita 8, lina mwanya mrefu wa boliti ili nilisogeze jiwe likiisha, na haliachi nafasi zaidi ya milimita 3 kati yake na jiwe. Linainama kwa nyuzi (digrii) ninazotaka na likikazwa halitikisiki hata ukiliegemea. Kama ningeanza upya ningelitengeneza hilo kwanza, hata kabla ya kuitafuta mota.

Jioni ya leo nikanoa kisu cha haispidi, chuma kinachovumilia joto, kwa mara ya kwanza bila mzee. Nyuzi nane ubavuni, nane mbele, nachovya majini, narudi. Hakikuwa kama chake. Lakini kilikata.

Mama alikuwa amekaa mlangoni muda wote, amejifunika khanga puani kwa vumbi. Nilipozima akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na mbuzi yake, ile ya zamani ya mbao, ya kabla ya mashine. "Mwanangu, hebu niwekee meno. Hii mota yangu naona imepata kazi, na mimi nakuna kwa nguvu."

Nikaufungua ulimi wake, nikaupitisha kwenye pembe ya jiwe jino moja moja. Chuma cha mbuzi si haispidi, hakitaki moto. Jino la tatu nilikawia kidogo, ncha ikageuka buluu mbele ya macho yangu, na jino likishakuwa buluu ugumu wake umeondoka. Nikachovya, nikaendelea na la nne.

Amekunia nazi ya wali wa usiku. Amesema mbuzi inakata kuliko ilipokuwa mpya. Nimenyamaza, nikaongeza mchuzi.